Siku ya chanjo ya wiki sita, mama naye aulizwe hali yake?

Wadau, naleta hoja. Mtoto akifikisha wiki sita anapelekwa kliniki. Anavuliwa nguo, ananing'inizwa kwenye mizani, nesi anasoma kilo na kutia alama kwenye kadi, anachomwa sindano, tarehe ya kurudi inaandikwa, "Mwingine!" Mama aliyembeba haulizwi hata kama amelala.

Nasema aulizwe, na iwe lazima katika kila kliniki ya baba, mama na mtoto.

Tazameni wakati wenyewe. Arobaini ikiisha, bibi aliyekuwa akimkanda mzazi kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga anafunga mzigo, anarudi kwake. Siku mbili tu mbele ndiyo wiki sita. Mama anafika kliniki msaada wa nyumbani ndio kwanza umekatika. Mwajiriwa hapa Tanzania ana likizo ya siku 84. Mama ntilie asipowasha jiko, hakuna hela.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Mtaani tunasema anajidekeza, au karogwa. Na kipimo kipo: dodoso la Edinburgh, la tangu 1987, maswali 10 tu, moja likiuliza kama amewaza kujidhuru. Halihitaji maabara.

Wapo watakaosema mama zetu walizaa wanane bila hayo. Walizaa, lakini kwenye ua wenye shangazi, wifi na jirani wa kumpokea mtoto. Leo wengi wako chumba kimoja cha kupanga, mume katoka alfajiri.

Hoja inayoniumiza kichwa ni ya manesi: foleni ndefu, na ukimgundua mwenye sonona unampeleka wapi ikiwa zahanati haina mtaalamu? Ni kweli. Lakini aliyewaza kujidhuru anaweza kupewa rufaa siku hiyo hiyo, na kwa wengine nesi anaweza kumwita mume au mama mkwe, amwambie wazi: huyu alale usingizi wa kutosha, mtoto ashikwe na mwingine, ale chakula kikiwa bado cha moto. Kutunzwa kwa mama ninakodai ni huko.

Manesi mliopo, maswali hayo yataingia kwenye foleni yenu, au wahudumu wa afya ngazi ya jamii wayaulize nyumbani? Na akina baba, mkiitwa mtafika?