Pesa ya Clunies-Ross kule Cocos: mshahara au mtego?

Mzee wa Noti: Wakuu, kuna noti imenikaa kichwani. Ya Visiwa vya Cocos, 1902, imechapwa kwenye ngozi ya kondoo, saini ya George Clunies-Ross chini. Familia hiyo ndiyo ilikuwa na minazi, meli na duka. Wafanyakazi wao wa Kimalay walilipwa kwa noti hizo, baadaye kwa vipande vya plastiki, na pa kutumia ni duka la tajiri tu. Huo ni mshahara kweli?

Mkwezi Mstaafu: Ni mshahara. Kisiwa kiko katikati ya Bahari ya Hindi, benki ingetoka wapi? Walipewa nyumba, wakala, wakalala. Na watu wa visiwani tunawajua, ukimpa hela taslimu haonekani kazini mpaka iishe.

Binti wa Wete: Hebu rudia hapo. Watu wa visiwani gani? Babu yangu kaangua nazi, kazifua kwenye kifuo mpaka viganja vikawa kama gome, wewe umekaa chini ya feni unatupangia uvivu?

Mkwezi Mstaafu: Nimetaja Cocos, sijataja Pemba. Nimerusha jiwe gizani, aliyelia ndiye limempata.

Binti wa Wete: Na aliyelirusha anajulikana.

Rupia Kuu: Jamani, Mombasa nayo ilikuwa na pesa ya kampuni. IBEA, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, walitoa rupia yao 1888, jina la Mombasa limechorwa juu. Ila ile ilikuwa ya fedha, ukivuka nayo maji bado ni fedha. Ya Cocos ukivuka nayo ni ngozi. Hapo ndipo penye kesi.

Mkwezi Mstaafu: Ahaa! Kumbe na Wapwani mlitumia ya kampuni, mbona nyie hamkulia?

Rupia Kuu: Mkuu, unasoma au unahesabu herufi?

Nahodha: Hakuna aliyegusa jambo lenyewe. Anayekulipa ndiye huyo huyo anayekupangia bei ya mchele. Na ukiondoka kisiwani, huruhusiwi kurudi. Halafu Malkia Victoria akaipa familia ya Ross visiwa vyote mwaka 1880 na kitu, eti milele.

Mzee wa Noti: 1886. Milele yenyewe ilikatika 1978, Australia ilipovinunua kutoka kwao kwa dola milioni 6.25. Jumba lao wakabaki nalo.

Mkwezi Mstaafu: Sasa mbona 1984 watu wa Cocos walipopiga kura hawakutaka uhuru? Wakaenda Australia wenyewe, mbio. Watu waliozoea kulelewa hao.

Nahodha: 229 walichagua kuungana na Australia, waliotaka uhuru 9. Lakini walikuwa wanamkimbia nani? Ungekuwa wewe, unatoka kwa tajiri mmoja mwenye duka, unaambiwa kuna serikali yenye dola inayopokelewa dunia nzima, ungebaki unapigania bendera?

Mkwezi Mstaafu: Ningebaki na heshima yangu.

Rupia Kuu: Heshima hainunui mchele dukani kwa Ross.

Binti wa Wete: Mimi bado nasubiri niombwe radhi.

Mkwezi Mstaafu: Haya dada, yaishe. Wapemba ni wachapakazi. Ila kwa mbata, nazi kavu, tuseme ukweli, Mafia wanawapita mbali.

Binti wa Wete: Mafia?! Mbata ile inayonuka moshi kutoka gatini?

Mtoto wa Kilindoni: Nimeitwa? Kwanza, Mkwezi, Mafia nayo ni visiwani, karibu kwa wavivu. Pili, sisi mbata tunaanika juani. Wanaobanika tunawajua.

Binti wa Wete: Wataje.

Mzee wa Noti: Jamani, noti...

Mtoto wa Kilindoni: Subiri kwanza mzee, huyu dada namjibu kwa picha.