Kwa nini Buick ilipona, Pontiac ikazikwa?

Swali (Likoni): Asalaam aleikum, ndugu zangu. General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, ilipofilisika mwaka 2009, ilibakiza chapa za Chevrolet, Cadillac, Buick na GMC, ikaiacha Pontiac. Kwa nini Buick, gari la wazee?

Jibu (Majengo): Waaleikum salaam. Sababu kubwa ni China, ambako Buick ilihesabiwa gari la heshima na kuuzwa kwa wingi kuliko Marekani kwenyewe. Pontiac, licha ya kusifiwa kwa kasi, mara nyingi ilikuwa Chevrolet iliyobadilishwa uso.

Jibu (Changamwe): Kweli kabisa. Hata Toyota ni hivyo: gerejini kwetu injini ileile ya 1NZ naikuta ndani ya Probox na Succeed, magari pacha, lakini mwenye Succeed hununa ukiliita gari lake Probox.

Swali (Likoni): Shukran. Na Saturn, chapa nyingine ya General Motors?

Jibu (Majengo): Ilikuwa iuzwe, lakini mnunuzi alijitoa Septemba 2009, nayo ikazikwa.