Mrejesho: Virai vihusishi katika sentensi za Kiingereza

Ndugu zangu, awali niliomba ufafanuzi kuhusu sentensi "The list of candidates is long": kwa nini kitenzi kiwe cha umoja ilhali nomino iliyo jirani nacho, "candidates", iko katika wingi. Ushauri wenu wa kukifunika kirai kihusishi (fungu la maneno linaloanza na kihusishi kama "of" au "on") kwa kidole na kusoma kilichobaki umenifaa sana, kwani ukiondoa "of candidates" kinabaki kiima "the list", nacho ndicho kinachotawala kitenzi. Hata hivyo, njia hiyo haifai kwa "A number of students are absent", ambapo kitenzi huwa cha wingi kwa kufuata "students".

Nilipoendelea kuufanyia kazi ushauri huo nilibaini jambo ambalo kwangu ni zito zaidi, yaani mahali kirai kinapokaa. "She read the letter from her brother on the bus" humwacha msomaji njia panda: je, barua ilisomewa ndani ya basi, au iliandikwa humo na kaka yake? Ukikitanguliza kirai, "On the bus, she read the letter from her brother", utata unakwisha. Mkato baada ya kirai kifupi namna hiyo ni wa hiari, ingawa mimi hupendelea kuuweka.