Ukoo wa Bibi: mkutano wa Jumamosi

*Alhamisi*

Shangazi Mkubwa: Habari za asubuhi wote. Jumamosi kwa Bibi tutakuwa na watoto kumi na wawili, wote chini ya miaka 5. Nani analeta pipa la maji lenye bomba? Nani sabuni? Na kila mzazi anitumie picha ya kadi ya kliniki, nione chanjo ya rota, virusi vya kuharisha.

Shangazi Mkubwa: Naona tiki za buluu kumi na nne. Jibu hata moja hamna.

Mjomba Mdogo: Shangazi kapewa ubwana afya lini? 😂

Shangazi Mkubwa: Cheka tu. Mwaka jana watoto watano waliharisha ndani ya siku mbili, hukucheka.

Mama Pacha: Ahaa, tumefika huko. Mlisema ni chakula changu. Hadi leo hakuna aliyeniomba radhi.

Shangazi Mkubwa: Nilisema kilikaa toka asubuhi mpaka alasiri bila kupashwa moto. Kwenye joto vijidudu vinazaana humo.

Mama Pacha: Na ile kata moja ya maji, kila mkono ndani ya pipa? Na aliyemtawaza mtoto akaenda moja kwa moja kuchota? Eti kinyesi cha mtoto hakina madhara. Simtaji.

Mke wa Kaka: _Ujumbe huu umefutwa_

Dada Nesi: Shikamoo Shangazi, nimetoka zamu ya usiku. Hakuna aliyepimwa mwaka jana, kwa hiyo tusimtupie mtu lawama. Kuna utafiti wa nchi saba za Afrika na Asia Kusini, majibu yake yalitoka 2013. Kwa watoto walioharisha vibaya, wadudu wanne ndio walijitokeza zaidi: virusi vya rota, kimelea kiitwacho kripto, na bakteria wawili, shigela na aina ya E. koli inayotoa sumu. Chanjo inazuia rota tu, na huanza mtoto akiwa na wiki 6. Shigela, ile ya kuhara damu, bakteria 10 hadi 100 tu wanatosha kumwangusha mtu, ndiyo maana mikono ina uzito. Kripto haifi kwa klorini ya kawaida, maji yachemshwe.

Mjomba Mdogo: Kripto si ile ya pesa? 😂😂

Baba Pacha: Nilimwambia Kaka auze mapema!

Kaka: Usinikumbushe.

Mama Kitinda: Wa kwangu anaharisha toka jana, ana miezi saba. Ni meno tu.

Baba Pacha: Kaka bado unazo lakini?

Shangazi Mkubwa: JAMANI. Hamjamsoma Mama Kitinda?

Dada Nesi: Wifi, meno hayaharishi. Umri huo ndio anatambaa, kila kitu mdomoni, na ameanza kula, basi meno na kuharisha yanakutana tu. Amekojoa lini? Macho yameingia ndani? Mpe ORS, ile ya pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, robo hadi nusu kikombe kila akiharisha, kidogo kidogo kwa kijiko, na usiache kunyonyesha. Zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Dawa ya bakteria usimpe kwa kubahatisha, virusi haviisikii.

Mama Kitinda: Toka alfajiri nepi kavu. Amelala sana.

Bibi: Mimi nami niliambiwa ni meno. Mtoto wangu wa kwanza. Miezi minane. Alilala hivyo hivyo. Mpelekeni hospitali sasa.

Mama Kitinda: Shikamoo Bibi. Tunatoka.

Mjomba Mdogo: Nakuja na pikipiki, shuka getini. Bibi, hatukujua.

Dada Nesi: Ukiwa njiani endelea na kijiko.

*Ijumaa*

Mama Kitinda: Wamemwekea dripu. Usiku amekojoa. Bado tupo wodini.

Shangazi Mkubwa: Mungu ashukuriwe. Kadi nimepata tatu tu. Pipa bado.

Mama Pacha: Sabuni naleta. Chakula sileti.

Mke wa Kaka: Mama Pacha, nikupigie?

Shangazi Mkubwa: Na pipa?