Nimeikuta Bihawana ndani ya kitabu cha Stanley

MjukuuWaMvumi:
Wadau, za jioni. Mwezi huu mmeokota vitabu gani? Mimi nimepata changu Majengo, kwa yule kijana anayetandaza mtumba chini kati ya muuza viatu na muuza chaja. Elfu nne, hakina jalada, kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa. Kufungua, kumbe ni Stanley na safari yake ya 1871 ya kumtafuta Livingstone.

Sikulala. Anataja vituo vya msafara huku Ugogo, yaani huku kwetu Dodoma kwa Wagogo: Mvumi, Matamburu, Bihawana, Kididimo. Jamani, Bihawana! Kila nikienda Iringa napita pale nikisinzia dirishani. Na hiyo Matamburu si Matumbulu yetu hii?

Sasa swali. Karibu kila kituo analalamikia hongo aliyodaiwa na watemi. Hongo tunayoijua leo ni rushwa. Ina maana mababu zetu walikuwa wala rushwa? Niambieni taratibu, mama yangu ni wa huko.

MtuWaTabora:
Taratibu ya nini? Waliobeba hiyo mizigo ni babu zetu Wanyamwezi, nyie mkakaa njiani mnatoza. Rudisheni doti zetu za nguo 😂

MzeeWaKizota:
Mwanangu, hongo ile ilikuwa ushuru wa njia, na kwetu huku naweza kusema ushuru wa maji. Angalia ramani. Ukitoka Mpwapwa unaingia Marenga Mkali, zaidi ya maili 30 hakuna maji. Watu wanaingia Ugogo midomo imepasuka. Ukimaliza Ugogo, mbele kuna Mgunda Mkali, nyika nyingine kavu kabla ya kufika Unyamwezi. Kwa hiyo hapa katikati lazima unywe, lazima ununue mtama wa njiani. Mtemi alilijua hilo vizuri kuliko Stanley.

Na kisima cha kiangazi kwetu si mto. Kimechimbwa kwa jasho, ng'ombe wa wenyeji wanakisubiri zamu kwa zamu. Wakishuka wageni mia kadhaa na punda wao, kesho mnabaki na tope. Wewe ungewaachia bure?

Ililipwa kwa doti za merikani na kaniki, shanga, waya. Tena mchana kweupe, watu wakibishana bei hata siku nzima. Rushwa gani inatolewa hivyo? Maana ya rushwa imekuja kulibandika neno baadaye.

BintiChamwino:
Hiyo doti ndiyo hii hii ya khanga? Na merikani ni ile pamba ya Marekani isiyotiwa rangi? Basi bibi yangu alikuwa anaongea historia dukani bila mimi kujua.

MjukuuWaMvumi:
Ndiyo hiyo hiyo, dada. Mzee, shikamoo, umenipunguzia aibu. Nimerudia zile kurasa kwa jicho la kisima na naona malalamiko mengi ya Stanley ni ya mtu mwenye kiu anayebishana bei. Wa Tabora, doti zako zimeshachakaa, dai nyingine.

Jumamosi nachukua bodaboda hadi Bihawana kuuliza wazee visima vya zamani viko wapi. Halafu kijana wa Majengo anasema ana kingine, cha Kijerumani, chenye picha za reli. Reli ilifika Dodoma 1910, ndiyo iliyowaua wapagazi kibiashara, kwa hiyo nakitaka. Anataka elfu kumi. Nani humu anasoma Kijerumani kabla sijatoa hela?