OHIO: Mwenye nyumba HARUHUSIWI kubadilisha kitasa, acheni kutolewa kihuni!

Wakuu, hili limezidi. Mpangaji wa Columbus au Dayton akichelewesha kodi anakatiwa umeme, kitasa kinabadilishwa, naye anaondoka kimya akiamini ndiyo sheria ya Marekani. Si sheria! Kifungu cha 5321.15 cha sheria za Ohio kinakataza kumzimia umeme au maji, kumfungia nje, hata kumtishia kwa hayo ili ahame. Kushikilia fanicha zake kufidia kodi nako ni marufuku. Anayefanya hivyo analipa hasara yote pamoja na gharama za wakili wa mpangaji.

Kwa kodi isiyolipwa, mwenye nyumba anaanza na notisi ya maandishi ya siku 3, yenye maneno yaliyowekwa na sheria, ikiwemo kumshauri mpangaji atafute msaada wa kisheria. Siku ya kuipokea haihesabiwi. Wenye nyumba wengi wanaanguka hapa: wanakimbilia mahakamani mapema, au wanapokea kodi ya mwezi unaofuata na kuiua notisi yao wenyewe.

Siku 3 zikiisha BADO hujafukuzwa. Ndipo mwenye nyumba anaweza kufungua kesi, na wito lazima ukufikie angalau siku 7 kabla ya kusikilizwa. Nenda! Majibu ya maandishi si lazima, lakini usipofika hukumu inatoka bila wewe. Omba mkalimani wa Kiswahili mapema. Mahakama ina wajibu wa kukupatia. Kinachouma ni kwamba baada ya notisi mwenye nyumba anaweza kuyakataa malimbikizo hata ukiyaleta yote. Akikubali, makubaliano yaandikwe na asaini, maana ahadi ya kwenye simu haifuti kesi.

Hata akishinda, kukutoa ni kazi ya beilifu, yaani ofisa wa mahakama, mwenye amri ya mahakama, si ya mwenye nyumba na wapwa zake.

Na ninyi mnaowashauri watu wagome kulipa kisa paa linavuja, mnawaponza! Utaratibu upo: barua ya malalamiko kwa mwenye nyumba, umpe muda unaofaa, usiozidi siku 30, kisha kodi YOTE unaiweka kwa karani wa mahakama tarehe yake ya kawaida. Ukiwa na deni la nyuma, njia hiyo imefungwa. Imefungwa pia kama mwenye nyumba ana nyumba 3 au pungufu za kupangisha na alikujulisha hivyo kwa maandishi, basi someni mikataba yenu kabla ya kwenda kwa karani.