Jina la ukoo Ruteri / Rüter, Kigoma: asili yake na mtawanyiko wake

mwana_ujiji

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni.

Naulizia jina la ukoo ambalo Kigoma mjini na Ujiji lipo kwenye kaya chache mno. Karatasi zilizopo ni nne, na kila moja imeliandika kivyake. Kitambulisho cha NIDA: RUTERI. Kadi ya kazi ya bandarini ya 1949: Rutter, t mbili. Nakala ya cheti cha ubatizo ya 1931: Ruter. Ya nne ni kipande cha karatasi kisicho na tarehe, wino umefifia, mwandiko wa Kijerumani. Juu ya u ya jina kuna alama, ila haieleweki kama ni nukta mbili au kijistari kilichopinda. Maneno mengine yanayosomeka hapo ni mawili tu, Kigoma na Rupien.

Maswali: Je, jina hili ni la Kijerumani kweli, na maana yake nini? Kwa Wajerumani limejaa upande gani? Na la tatu, hapa mjini kila anayelisikia anataja meli ya Wajerumani ya Goetzen (ndiyo Liemba ya leo), kwa sababu fundi mkuu aliyekuja kuiunganisha aliitwa Anton Rüter. Uhusiano wa namna hiyo unathibitishwa vipi, au unakanushwa vipi?

---

kalamu_ya_tabora

Mkuu, usiende Ujerumani kabla hujamaliza na hiyo alama juu ya u, maana yote yananing'inia hapo.

Mwandiko wa enzi hizo unaitwa Kurrent. Ndani yake n, u na e zote ni vijiti viwili vilivyosimama, tofauti yake ndogo sana. Ili u isisomwe n, mwandishi aliiwekea juu kijistari kilichopinda kama kikombe. Kijistari hicho hakibadili sauti, kinasema tu "hii ni u". Ü yenyewe hubeba nukta mbili au vijistari viwili vifupi vilivyoachana. Mpindo mmoja, soma Ruter. Alama mbili, soma Rüter.

Na bahati unayo, kwa sababu neno Rupien liko kwenye karatasi hiyohiyo na lina u yake. Linganisha. Alama ya u ya Rupien ikifanana na ya jina, hakuna ü hapo. Zikitofautiana, ü ipo. Angalia jambo moja tu: makarani wa Kijerumani walizoea kuandika majina ya watu na ya miji kwa herufi za Kilatini hata pale sentensi nzima ilipokuwa ya Kurrent. Kama ndivyo ilivyo kwako, alama juu ya u ya jina ina uzito zaidi, kwa sababu u ya Kilatini haihitaji kijistari.

Halafu hiyo R. Herufi kubwa R na K za Kijerumani huwachanganya hata wasomaji wazoefu, katika mwandiko na katika chapa ya Fraktur pia. Ikigeuka K unapata Küter, jina jingine kabisa: Küter alikuwa mchinjaji aliyeshughulikia matumbo na soseji. Na ukikosa kuona s iliyofifia katikati, huenda ni Küster, mtunza kanisa. Neno Kigoma limekupa K ya mwandishi huyohuyo, Rupien imekupa R yake. Ziweke bega kwa bega na jina.

Kuhusu kuisoma: piga skani ya rangi, nukta 600 kwa inchi, usiiweke kwenye rangi nyeusi na nyeupe. Wino wa zamani wa chuma uliofifia hujitokeza mweusi ukimulikwa kwa taa ya urujuanimno, ile wanayokagulia noti madukani. Usiilowanishe, na tafadhali sana usiilamineti. Joto na gundi vikishaingia kwenye karatasi hiyo havitoki tena.

Chati nyingi za mtandaoni zinaonyesha Sütterlin, mwandiko ulioanza kufundishwa shule za Prussia (jimbo kubwa la Ujerumani enzi hizo) mwaka 1915. Karani aliyekuwa Kigoma wakati huo hakuusoma shuleni. Tafuta chati ya Kurrent.

T mbili za 1949 zisikusumbue. Rutter ni jina la Waingereza pia, na karani aliyezoea Kiingereza huandika analolijua.

---

ramani_na_majina

Nichukue hapo kwenye maana. Rüter ni neno la Kijerumani cha kaskazini, kile kinachoitwa Plattdeutsch. Maana yake askari mpanda farasi, na zamani zaidi askari wa kukodiwa, mwenye sifa ya uporaji. Liliingia kutoka Kiholanzi, ruiter, nalo lilitoka Kilatini cha zama za kati, ruptarius. Kwa hiyo ndugu zake wa karibu ni De Ruyter na De Ruiter wa Uholanzi na Ubelgiji. Shikilia hilo la Ubelgiji, litarudi.

Watu wengi hukosea wanapolichanganya na Reuter. Reuter ni la kawaida zaidi, limejaa Hessen, Rheinland-Pfalz, Saarland mpaka Luxemburg, na huko mara nyingi maana yake ni mtu aliyefyeka msitu kufungua shamba. Lakini kaskazini wapo Rüter ambao makarani waliwageuza Reuter ili jina lisikike la kisomi, kwa vile ü ya Plattdeutsch mara nyingi hulingana na eu ya Kijerumani sanifu. Basi Reuter mmoja anaweza kuwa mpanda farasi, mwingine mfyekaji. Rüter haina utata huo.

Mtawanyiko wake uko kaskazini-magharibi, Niedersachsen na Westfalen. Papenburg, ulipo uwanja wa meli wa Meyer uliojenga Goetzen, ni Emsland, ndani ya Niedersachsen. Kwa hiyo fundi yule kuwa na jina hilo hakushangazi: ni jina la kwao. Ndiyo maana ramani peke yake haithibitishi kitu kuhusu Kigoma. Inakuambia jina limetoka upande gani wa Ujerumani. Haikuambii ni mtu gani alilileta.

Ukitaka kuiona ramani mwenyewe, fungua kamusi ya majina ya ukoo ya Kijerumani iitwayo Digitales Familiennamenwörterbuch, ni bure mtandaoni. Ramani za namna hii zimechorwa kwa orodha za simu za mezani za 2005, na hapo pana mitego miwili. Wa kwanza, ukisoma idadi kamili, Berlin na Hamburg zitaonekana ndiyo asili ya kila jina, kwa sababu tu watu ni wengi. Soma uwiano kwa idadi ya wakazi. Wa pili, baada ya 1945 mamilioni ya Wajerumani waliofukuzwa mashariki walihamia magharibi, kwa hiyo ramani ya 2005 si ramani ya 1914.

Kwa 1914 tumia Verlustlisten, orodha za askari waliokufa, waliojeruhiwa au kutekwa katika Vita vya Kwanza. Ni kurasa kama 31,000 zenye majina yapatayo milioni 8.5. Wapenzi wa nasaba wa chama cha Compgen walizinakili zote kwa kujitolea, kazi ya kuheshimiwa sana. Nyingi zinataja mahali pa asili pa askari. Tafuta mara tatu: Rüter, Rueter, Ruter. Kisha jaribu Küter, usije ukaacha nusu ya jibu nje.

---

mwana_ujiji

Asanteni sana wakuu. Nimelinganisha kama mlivyoelekeza. K ya Kigoma ni tofauti kabisa na herufi ya kwanza ya jina. Hiyo inafanana na R ya Rupien. U ya Rupien ina mpindo mmoja. Ya jina ina vijistari viwili vilivyoachana. Jina limekaa chini kabisa, upande wa kulia, peke yake.

Basi ni Rüter?

---

mwenyeji_wa_kasulu

Karatasi inasema Rüter, sawa. Lakini angalia ulichosema mwishoni: chini, kulia, peke yake. Hapo ndipo mtu anapotia sahihi. Karatasi yenye neno Rupien, yaani rupia, na sahihi chini yaelekea ni hati ya malipo, na mwenye sahihi ni aliyelipa au aliyeidhinisha. Aliyeitunza karatasi ndiye aliyelipwa. Jina la mlipaji halijawa la mlipwaji.

Hata hivyo kwa umri inakubaliana. Reli ilifika Kigoma Februari 1914, meli ikaletwa vipande vipande kwenye makasha yapatayo 5,000, ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915 na kuzamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, muda mfupi kabla ya Wabelgiji kuingia. Kabla ya reli mji wenyewe ulikuwa Ujiji. Hati ya malipo kwa rupia iliyoandikwa Kigoma inakaa vizuri kati ya miaka hiyo.

Sasa upande wetu, ambao wanaotafuta majina ya Kizungu huuruka. Buha, Burundi na Kagera tumejaa majina yanayoanza na Ru-. Ni kiambishi chetu, si cha Mjerumani. Ruteri inaweza kuwa jina la Kiha au Kirundi tangu mwanzo, na kasisi wa 1931 akaliandika Ruter kwa sababu sikio lake halikuitilia maanani i ya mwisho. Kwa hiyo swali la kuwauliza wazee si "babu alikuwa Mzungu?" Waulize jina lilitamkwaje nyumbani, wapi toni ilipanda, na kama kuna msemo wa Kiha unaolifafanua. Majina yetu mara nyingi ni kipande cha sentensi, na mwenye lugha huijua sentensi nzima.

Ipo pia R na L. Kwa Wanyamwezi na wengi wa reli ya kati R hugeuka L bila mtu kushtuka. Ukikuta Luteri kwenye daftari la Tabora au Urambo, huenda ni ukoo huohuo, huenda ni Luther, jina la mwanamageuzi, lililotolewa kama jina la ubatizo.

Na hapo ndipo wengi wanapopotea. Jina la tatu kwenye kitambulisho chetu mara nyingi ni jina la babu, alilopewa yeye peke yake. Linakuwa la ukoo pale watoto wanapoacha kulisogeza, yaani wanapolibakiza kizazi hadi kizazi. Hata Ostfriesland, jirani wa Papenburg, watu walitumia jina la baba hadi amri ya Napoleon ya 1811 iliyowataka washike jina moja. Chukua vyeti vya ndugu wote wa babu, si cha babu pekee. Kama kaka zake wana Ruter nao, jina lilitoka juu. Kama ni yeye tu, lilianzia kwake, na yaelekea lilikuwa la utani au la kazi: mtu wa Bwana fulani.

---

ramani_na_majina

Naunga mkono, na ndiyo nimesema Ubelgiji litarudi. Wabelgiji walishika Kigoma kuanzia Julai 1916 hadi walipoikabidhi kwa Waingereza 1921, na hata baada ya hapo walibaki na sehemu yao bandarini, Belbase, kwa miongo mingi. Miongoni mwao Waflemi, yaani Wabelgiji wasemao Kiholanzi, walikuwapo, na De Ruyter ni jina la Waflemi. Ruter ya 1931 ingeweza kutoka huko bila kumgusa Mjerumani yeyote. Mtawanyiko wa De Ruyter kwa Ubelgiji uangalie tovuti ya familienaam.be, yenye takwimu za sajili ya taifa.

---

kalamu_ya_tabora

Mpangilio wa kutafuta nyaraka basi.

Anza parokiani, kwenye daftari lenyewe la ubatizo, si cheti. Cheti ni nakala, na kosa la mnakili hukaa hapo milele. Daftari za Wamisionari wa Afrika ziliandikwa kwa Kilatini, kwa hiyo jina la baba hubadilika mwisho: "filius Antonii" ni mwana wa Antoni, usilinakili Antonii kama jina. Tazama safu nne: umri alipobatizwa, jina la baba, jina la mama, msimamizi. Waongofu walipewa majina ya watakatifu, hawakupewa majina ya ukoo ya Kizungu, kwa hiyo neno Ruter likikaa kwenye safu ya baba lina maana kubwa kuliko likikaa pembeni ya jina la mtoto. Umri ndio unaokata: kama 1931 aliandikwa miaka 15 au 16, mimba ilitungwa Kigoma ikiwa bado mikononi mwa Wajerumani. Kama alikuwa na 25, jibu la Goetzen limekufa, kwa sababu mafundi wa meli hawakuwa wamefika.

Usitegemee cheti cha kuzaliwa cha Kijerumani. Ndoa kati ya Mjerumani na Mwafrika ilizuiwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1906, na mtoto wa nje ya ndoa hakuwekwa kwenye sajili kwa jina la baba. Kimya cha sajili hakithibitishi wala hakikanushi.

Nyaraka za utawala wa Kijerumani ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, mafaili yenye herufi G. Nenda na barua ya utambulisho, uombe kwa namba ya faili. Kwa upande wa Ujerumani, mafaili ya wizara ya makoloni ni R 1001 ya Bundesarchiv (hifadhi ya nyaraka ya taifa lao), sehemu kubwa inasomeka mtandaoni. Sajili za vizazi Prussia zinaanza Oktoba 1874, na hufunguliwa baada ya miaka 110. Za ndoa 80, za vifo 30. Mjerumani yeyote aliyekuwa mtu mzima hapa 1915 na aliyezaliwa baada ya sajili kuanza, rekodi ya kuzaliwa kwake sasa iko wazi kwenye hifadhi ya mji wake.

Kipimo cha vinasaba kinaweza kujibu kabla ya karatasi zote. Mjukuu hubeba karibu asilimia 25 ya babu yake, kwa kitukuu ni wastani wa 12.5. Kama baba wa babu alikuwa Mzungu, kiasi hicho hakijifichi kwenye matokeo. Ila kitakuambia Ulaya ya kaskazini-magharibi, na Mjerumani wa Emsland na Mflemi wa Ubelgiji hapo ni majirani mno.

Mkuu, piga picha safu ya umri kwenye daftari la 1931 uiweke hapa.